Mkaratusi wa miaka minane na mkaratusi wa miaka mia mbili

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mkulima wa miti hapa Njombe, nina ekari sita za mikaratusi na mbili za miwati. Mwanangu aliye chuoni amenionyesha kwenye simu habari kwamba jimbo moja la Australia limesimamisha ukataji wa misitu yake ya asili, na sababu mojawapo ni kamnyama kadogo mfano wa panya. Miti yenyewe naambiwa ni mikaratusi hii hii. Mimi nikikata mwaka wa nane napanda tena, au naacha visiki vichipue. Kwa nini nao wasikate wakapanda? Au basi wawakamate hao wanyama wawafuge. Halafu kijana anasema huko kuna mnyama anayetaga mayai na kunyonyesha. Nimemkatalia mezani mbele ya mama yake. Nani mkweli?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na kamwene kwa wote hapo nyumbani.

Nianze na lile la mwisho, maana ndilo lililoleta ubishi mezani. Kijana wako ni mkweli. Wanyama wanaonyonyesha wako wa aina tatu. Sisi, ng'ombe, popo na nyangumi tunabeba mimba kwa kondo la nyuma mpaka mtoto akomae. Wa pili ni wanyama wa mfuko, kama kangaruu na koala. Mimba yao ni fupi sana, mtoto anazaliwa mbichi kabisa, bila nywele, macho hayajafunguka, hata kwa kangaruu mkubwa hazidi haragwe. Kisha anajivuta mwenyewe kwenye manyoya ya mama mpaka mfukoni, anashika chuchu na kukaa hapo kwa miezi. Wa tatu ni hao waliokutia shaka. Wamebaki spishi tano tu duniani, zote Australia na kisiwa cha New Guinea: platipasi mmoja na ekidna, mnyama mwenye miiba kama nungunungu, wa aina nne.

Platipasi ana mdomo kama wa bata na anaishi kwenye vijito na mito. Jike huchimba shimo ukingoni, hutaga mayai mawili hivi yenye ganda laini, huyaatamia, na yakianguliwa huwanyonyesha watoto. Chuchu hana. Maziwa yanachuruzika kwenye ngozi ya tumbo na watoto wanayanywa hapo hapo manyoyani. Ule mdomo nao si wa kawaida: akiwa chini ya maji hufumba macho na masikio, na mdomo ndio unaohisi umeme mdogo unaotoka kwenye misuli ya wadudu wa majini anaowala. Mwaka 2021 jimbo la Victoria, lile lile lililosimamisha ukataji, lilimwingiza platipasi kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Nitamrudia, kwa sababu habari yake na habari ya miti ni moja.

Sasa tuje kwa huyo uliyeambiwa ni panya. Anaitwa posamu wa Leadbeater. Ukitaka kumwelewa, mwache panya, umfikirie komba. Komba wetu mdogo ana macho makubwa, hutoka usiku, hurukaruka kwenye matawi, hula wadudu na utomvu wa migunga, na mchana hulala kwenye tundu la mti pamoja na wenzake. Posamu wa Leadbeater anaishi maisha hayo hayo karibu neno kwa neno, ingawa hawana undugu wa karibu. Ndugu zake ni kangaruu na koala, na jike ana mfuko. Ana uzito wa gramu 120 hadi 160, sawa na mayai mawili matatu ya kuku, na mkia wake umenenepa kuelekea nchani kama rungu. Wanaishi kwa kaya ya watu, niseme hivyo, mpaka kumi au zaidi: baba mmoja, mama mmoja, na watoto wao. Mama ndiye mwenye kaya, na ndiye anayewafukuza wageni kwa ukali kuliko dume.

Chakula chake kikubwa ni utomvu wa miwati. Anakwangua gome kwa meno, utomvu unatoka, anarudi kuulamba kesho na keshokutwa. Si mwati huo ulioko shambani kwako hasa, ni ndugu zake, lakini mwati wako asili yake ni kusini-mashariki mwa Australia, upande huo huo. Kwa hiyo wewe mzee, kwenye ekari zako nane, una mti unaofanana na chakula cha posamu na mti unaofanana na nyumba yake. Sidhani kama kuna wasomaji wengi nje ya Australia wanaoweza kusema hivyo, na ndiyo maana swali lako nimelipenda.

Tofauti inaanzia kwenye umri.

Mkaratusi wa milima ya Victoria kwa jina la kisayansi ni Eucalyptus regnans. Yako, kama mashamba mengi ya Njombe na Mufindi, huenda ni grandis au saligna. Huyu regnans ndiye mti mrefu kuliko miti yote duniani inayotoa maua. Mmoja uliopimwa katika kisiwa cha Tasmania umefika mita 100 hivi. Unaota kwenye milima ya ukungu na mvua, mashariki mwa jiji la Melbourne, mahali ambapo wewe mtu wa Njombe ungeizoea baridi yake upesi. Katika miaka minane ya kwanza ungeuona ni mlingoti kama milingoti yako: umenyooka, laini, hauna kovu. Kwa mirunda ni mzuri. Kwa posamu hauna kitu, maana hauna tundu hata moja.

Hapa barani kwetu matundu mengi yanachimbwa na ndege. Kigogota anatoboa, analea watoto, anahama, anayefuata anaingia. Australia haina vigogota kabisa. Tundu la mti kule linapatikana kwa njia moja: tawi kubwa linavunjika kwa upepo au moto, maji na kuvu vinaingia kwenye jeraha, mchwa wanafuata, na moyo wa mti unaoza polepole kutoka ndani huku mti wenyewe ukiendelea kuishi. Kwa mkaratusi huu kazi hiyo haianzi kuonekana kabla ya miaka 120 hivi. Tundu la kuitosha kaya nzima ya posamu, lenye mlango mdogo na chumba kikubwa ndani cha kutandika magome makavu waliyoyachana, kwa kawaida linataka mti wa karibu miaka 200. Na kaya moja haikai kwenye tundu moja. Inahamahama kati ya miti kadhaa ndani ya eneo lake la hekta moja hadi tatu.

Kwa hiyo, mzee, wakikata wakapanda, kama unavyosema, mti utarudi. Nyumba haitarudi mpaka mjukuu wa mjukuu wako. Na waliokata walipanga kurudi kukata tena baada ya miaka 40 hadi 80. Ukipanga mzunguko wa namna hiyo, hakuna mti hata mmoja utakaofikia umri wa kuwa na tundu, milele. Msitu utaonekana wa kijani ukipita na gari, hekta zake zitahesabika zote kwenye kitabu cha serikali, na ndani yake hakuna anayeishi.

Jambo la pili ni visiki. Wewe unakata, kisiki kinachipua, unachagua machipukizi mawili, safari inaendelea. Huyu regnans hachipui vizuri kama wako. Moto mkali ukipita, anakufa wote, na uhai wake unabaki kwenye mbegu zilizoko juu kwenye vikonyo; zinaanguka kwenye majivu na kuota kwa maelfu. Ni mpango mzuri kama moto unakuja mara moja kwa karne. Lakini mti mchanga hauna mbegu za kutosha mpaka ufikishe miaka 15 hadi 20. Moto wa pili ukija kabla ya hapo, msitu hauna kitu cha kuotea, na panageuka kuwa vichaka.

Moto wenyewe umekuja. Tarehe 13 Januari 1939 Victoria iliungua vibaya, wakafa watu 71, na misitu mikubwa ya mikaratusi ya kale ikateketea. Wakati huo posamu wa Leadbeater alikuwa tayari amehesabiwa miongoni mwa waliokwisha. Alielezwa kisayansi mwaka 1867, wakaonekana wachache, kisha baada ya 1909 kimya. Baada ya moto wa 1939 watu wa makumbusho walikata tamaa kabisa. Mpaka Aprili 1961, mtu mmoja aitwaye Eric Wilkinson alipomulika tochi usiku msituni karibu na mji mdogo wa Marysville, akamwona. Miaka kumi baadaye jimbo likamfanya kuwa nembo yake, kama sisi tulivyomfanya twiga.

Watu hushangaa jinsi alivyosalimika, na jibu lake ndilo kiini cha matatizo ya leo. Moto wa 1939 uliua miti ya kale lakini haukuiangusha. Ilibaki imesimama, mikavu, mieupe, yenye matundu tele. Chini yake miwati na mikaratusi michanga ikaota kwa wingi. Kwa posamu hiyo ilikuwa neema ya ajabu: nyumba za mababu juu, chakula kipya chini. Waliongezeka. Lakini mti mfu hausimami daima. Mizizi inaoza, upepo unakuja, unaanguka mmoja leo na mmoja mwakani. Mtaalamu David Lindenmayer, aliyeanza kuihesabu miti hiyo mwaka 1983 na hajaacha, ameonyesha kuwa inaanguka haraka kuliko mingine inavyozeeka na kushika nafasi yake. Msitu wa mikaratusi hiyo ambao kweli ni wa kale, katika milima ya kati ya Victoria, umebaki kiasi cha asilimia 1 tu.

Kuna kazi moja ya utafiti ambayo niliwahi kushiriki nilipokuwa huko masomoni. Jioni, kabla giza halijaingia, kila mtu anapewa mti wake mmoja mkavu. Unakaa chini, shingo juu, hakuna kuongea, unaangalia kitakachotoka kwenye tundu dhidi ya mwanga wa mwisho wa anga, na unahesabu. Jioni ya kwanza mti wangu haukutoa kitu. Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu walitoka watano, mmoja nyuma ya mwingine, wakakimbia kwenye tawi na kuingia kwenye miwati, na yote yaliisha chini ya dakika mbili. Mti ule ulikuwa umeinama. Kila mtu pale alijua hautamaliza miaka mingi, na kwamba wale watano hawakuwa na mwingine karibu.

Tarehe 7 Februari 2009 moto ulirudi. Watu 173 walikufa, Marysville ikaungua karibu yote, na takriban theluthi moja ya makazi ya posamu ikaenda siku hiyo. Safari hii haikuwa neema, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichoungua ilikuwa miti isiyo na matundu. Ikifa inabaki nguzo tupu. Mwaka 2015 serikali ya Australia ikamweka katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka.

Sasa sikia jinsi ukataji ulivyosimama, maana si kweli kwamba serikali iliamka siku moja ikamhurumia mnyama. Kanuni ya kwanza, ya mwaka 2014, ilisema kila inapothibitika kuna kaya ya posamu, pachorwe mduara wa mita 200 usiokatwa. Ni hekta 12 na ushee. Wananchi wa kujitolea wakaanza kuingia msituni usiku na kamera zinazoona joto la mwili, wakiwatafuta posamu mbele ya mashine, na kila walipompata mmoja, mduara ukachorwa. Mamia ya kaya yalipatikana hivyo. Nawaheshimu sana watu wale, lakini mimi kama mtaalamu wa ikolojia mpango wenyewe ulinitia mashaka tangu mwanzo: unamlinda posamu pale alipo usiku huo, hauulindi mti atakaouhitaji baada ya wake kuanguka, na kati ya mduara na mduara panabaki uwanda mtupu ambao hawezi kuuvuka, kwa sababu ni mnyama wa matawi.

Kikundi cha wananchi kiitwacho Marafiki wa Posamu wa Leadbeater kikalishtaki shirika la misitu la jimbo, VicForests. Mwaka 2020 wakashinda. Mwaka 2021 rufaa ikaiondoa amri ile, si kwa kusema posamu hakudhurika, bali kwa sababu ukataji uliokuwa chini ya mkataba maalumu wa misitu ulikuwa na msamaha katika sheria ya taifa ya mazingira. Wengi walidhani mambo yameishia hapo. Lakini mwaka 2022 kesi nyingine, ya vikundi vingine, ilihusu ndugu yake mkubwa, posamu anayeteleza hewani kwa ngozi iliyotanda kati ya miguu, anayeweza kuvuka mpaka mita 100 kutoka mti hadi mti, anayekula majani ya mikaratusi tu na kulala kwenye matundu vilevile. Mahakama ya jimbo ikaamuru shirika likague msitu ipasavyo na kuwatafuta wanyama hao kabla ya kukata. Kwa amri hiyo kazi ikawa karibu haiwezekani. Serikali ilikuwa imetangaza tangu 2019 kwamba ukataji wa misitu ya asili ungekoma 2030. Mei 2023 ikaisogeza tarehe iwe mapema zaidi, na kuanzia Januari mosi 2024 ukakoma. Jimbo la Australia Magharibi lilifanya hivyo siku hiyo hiyo. New South Wales na Tasmania ukataji unaendelea.

Nisikufiche upande wa pili. Kuna miji midogo iliyoishi kwa mashine za mbao vizazi vitatu, na watu wake walilipwa fidia na kuambiwa watafute kazi nyingine. Maumivu yao ni ya kweli, na mtu anayesema posamu ameshinda bila kuwataja hao hajasema yote.

Nilikuahidi platipasi. Jiji la Melbourne, lenye watu zaidi ya milioni 5, linakunywa maji yanayotoka kwenye milima ya mikaratusi hiyo. Baada ya moto wa 1939 wahandisi wa maji waliona jambo walilolihesabu kwa miaka mingi: vijito havikupungua mara moja, vilipungua kadiri msitu mchanga ulivyokua. Miti ikifikisha miaka 20 hadi 30, maji yanayotiririka kutoka mlimani yanaweza kushuka mpaka karibu nusu ya yale ya msitu wa kale, na yanahitaji miaka mia moja na zaidi kurudi. Mti mchanga unakua kwa pupa, una majani mengi, unavuta maji mengi. Mzee amekwisha kua. Anakunywa kidogo na kuachia mengine yashuke. Ndiyo sababu sehemu kubwa ya vyanzo vya Melbourne ilifungwa zamani sana, hakuna kukata wala kuingia ovyo. Platipasi anaishi kwenye maji hayo. Kijito kikipungua au kikijaa tope, wadudu anaowahisi kwa mdomo wake wanapungua, na kingo za kuchimbia shimo zinabomoka.

Huko Njombe mnasema mikaratusi inakunywa maji, na mwaka 2009 hayati John Michuki, akiwa waziri wa mazingira wa Kenya, aliagiza mikaratusi iliyopandwa kwenye vyanzo vya maji ing'olewe. Ubishi juu ya mti wenyewe, kama ni mbaya au mzuri, nauona hauna mwisho. Kule kwao mti huo huo ukiachwa uzeeke ndio unaolinda maji. Kinachokunywa ni ujana wake, na sisi tunaukata kila mara akiwa katika umri ule ule wa kiu.

Kuhusu kuwafuga. Inafanyika. Kundi moja dogo la posamu wa Leadbeater wanaishi tambarare, kwenye msitu wa kinamasi huko Yellingbo, na hawafiki 50. Wana tofauti ya damu na wale wa mlimani, kwa hiyo tangu 2012 baadhi yao wamechukuliwa na kulelewa kwenye kituo cha Healesville wazaliane. Kuzaliana kwao kizuizini kumekuwa kwa shida. Hata wangezaa vizuri, siku ya kuwarudisha wangehitaji tundu la kulala usiku huo huo. Kufuga kunanunua muda. Hakujengi nyumba.

Nimekaa sana Victoria, lakini kijana wako alipotaja wanaotaga mayai nilikumbuka mahali pengine. Kaskazini mwa kisiwa cha New Guinea, upande wa Indonesia, kuna milima ya Cyclops inayoinuka juu ya mji wa Jayapura. Humo anaishi ekidna mmoja mwenye mdomo mrefu uliopinda, miiba kama ya nungunungu, anayechimba minyoo usiku. Sayansi ilikuwa na kielelezo chake kimoja tu, kilichopatikana mwaka 1961. Mwaka 2023 wataalamu kutoka Chuo Kikuu cha Oxford pamoja na wenzao wa Papua waliweka kamera zaidi ya 80 msituni kwa wiki kadhaa, na picha zake zikapatikana siku ya mwisho, kwenye kadi ya mwisho. Wenyeji hawakuwa wamempoteza. Wanamwita payangko. Watu wa Yongsu Sapari wana desturi ya kusuluhisha ugomvi: badala ya kupigana, mmoja anatumwa msituni kumtafuta payangko, na mwingine baharini kumtafuta nduwaro, samaki yule mwenye mdomo kama mkuki. Wote wawili ni adimu kiasi kwamba kuwapata huweza kuchukua miaka, hata kizazi kizima. Na wakipatikana, ugomvi umekwisha. Wageni wasingefika popote bila ruhusa na miguu ya watu hao, ambao msitu ni wao.

Chini ya milima hiyo miji inakua, na miteremko inafyekwa kwa mashamba na kuni. Machi 2019 mvua kubwa ilishusha mafuriko na maporomoko kwenye mji wa Sentani ulioko chini yake, wakafa watu zaidi ya 100. Msitu unaomficha payangko ndio huo huo unaoshika udongo juu ya vichwa vya watu.

Sasa shamba lako. Using'oe kitu kwa sababu yangu. Sehemu kubwa ya mbao za Australia leo hutoka kwenye miti ya kupandwa, na bila mashamba ya namna yako hakuna jimbo lingethubutu kuacha msitu wa asili usikatwe. Kata mwaka wa nane, panda. Ninachokuomba ni viwili. Kwanza, kama una mikaratusi kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, au karibu na chemchemi, hiyo iondoe. Sheria yetu ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kwenye maji ziachwe, na umeshaona ujana wa mti huu unavyokunywa. Pili, kama kwenye bonde lako kuna kipande cha msitu wa asili, hata robo ekari, chenye mti mmoja wa zamani uliooza ndani na ambao fundi mbao hautaki, uache. Komba wanalala humo. Hondohondo jike hujifungia humo kwa udongo na kinyesi mpaka vifaranga wakue, na hawezi kufanya hivyo kwenye mlingoti wa miaka minane.

Na kijana wako akikuuliza kule Victoria wanafanya nini sasa, baada ya kuacha kukata, mwambie wanapanda miti kwa kamba. Si kuotesha, kuiparamia. Wanafunga masanduku ya kulalia kwenye mikaratusi ya umri wa kati, na wengine wanachonga matundu kwa msumeno wa mashine ndani ya shina lililo hai, wanaweka mlango mdogo wa posamu kupita. Posamu wameingia. Sanduku linaoza au kuanguka baada ya miaka kadhaa, tundu la kuchonga mti hujaribu kuliziba, kwa hiyo mafundi wanarudi tena na tena. Miti iliyoota kwenye majivu ya 1939 itatimiza miaka 120 mwaka 2059. Mpaka hapo, wanapanda.